QUIC: daladala isiyo na mstari wa ruti

Hosteli moja Sinza, saa tatu usiku. Intaneti inakwamakwama, na mwenye hosteli kasimama nyuma ya fundi: "Nani anakula intaneti yote hii?" Kwenye skrini, data nyingi imeandikwa UDP 443, na mbele yake: haijulikani. Fundi anakuna kichwa.

Kinachomsumbua ni QUIC, itifaki (kanuni za kusafirisha data) inayopita kwenye huo UDP 443, iliyoanzia Google mwaka 2012 na kupitishwa na wahandisi wa IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, Mei 2021 kama waraka wa RFC 9000. Kwenye TCP, itifaki ya zamani, hata yaliyomo yakifichwa, fundi aliziona namba za pakiti (vipande vya data) na majibu ya kupokelewa, akajua kama zinapotea na zinapotelea upande gani. QUIC inaficha hata hizo. Trafiki wa Ubungo haoni abiria nyuma ya vioo vyeusi, lakini mstari wa rangi ubavuni humwambia daladala inafanya ruti ipi. Hapa mstari wenyewe umefutwa.

Upenyo mmoja umebaki. Pakiti ya kwanza imefungwa kwa ufunguo ambao yeyote anaweza kuukokotoa, maana vinavyohitajika vimechapishwa hadharani na vingine vimo kwenye pakiti yenyewe. Ukiifungua unasoma jina la tovuti, labda jina liwe limefichwa kwa ECH, mbinu ya kulisimba jina hilo. Ukiikosa hiyo, ndiyo basi. Zinazofuata hazisemi kitu, na ile biti (0 au 1 moja) iliyosaidia kuzitambua kuwa ni za QUIC, RFC 9287 ya 2022 imeruhusu ibadilishwe kiholela. Makusudi kabisa.

Wanaolalamika wana hoja. Programu hasidi kwenye kompyuta ya ofisi inaweza kupita njia hiyohiyo, na kampuni ya simu inayouza bando la mitandao ya kijamii lazima ijue data ipi ikate wapi. Lakini vifaa vya njiani, vinavyokagua data ikipita, ndivyo vilivyojiharibia: viliizoea sura ya TCP kiasi kwamba kuibadilisha ikawa shida, na TLS 1.3 ya 2018, toleo jipya la itifaki ya kuficha yaliyomo, ikabidi ivae nguo za 1.2 ndipo ipite. Tena anayechungulia si fundi peke yake. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN, njia ya kuficha unachotembelea mtandaoni, wajitokeze kuzisajili. Kwa hali hiyo, pamoja na kumhurumia fundi, mimi niko upande wa kuficha.

Wengi huzima UDP 443, vivinjari vikarudi TCP. Uvivu tu: majina unayapata, wateja wanakosa faida ya QUIC. Afadhali biti nyingine ya QUIC, ile ya kuzunguka (spin bit), inayomwezesha mtu wa njiani kupima muda wa kwenda na kurudi bila kujua kilichobebwa. Bahati mbaya ni ya hiari.

Fundi wa Sinza aliacha kuuliza data ni ya nini, akahesabu kila kifaa kimevuta kiasi gani. Kilichoongoza kilikuwa runinga ya sebuleni kwa mwenye hosteli.