Mama, si simu yako

Kuna jibu moja linalozunguka studio za vibonzo za mji wetu wa Mombasa, na wiki hii limenifika hapa kooni: "Ni simu yako tu hiyo."

Aliyejibiwa hivyo safari hii ni mama mwenye duka la leso Biashara Street. Ametengenezewa tangazo la vibonzo: bibi harusi anafunikwa kisutu, ile leso ya harusi, nayo inatanda skrini nzima, vijimsalaba vyote vinaonekana. Mchoro mzuri, hilo siwanyimi. Akailaza simu juu ya kisutu chenyewe pale kaunta akaniuliza, "Mwanangu, hii na hii ni rangi moja?" Hata kidogo. Nyekundu ilikuwa imeelekea kwenye chungwa. Kisutu cha rangi ya chungwa, jamani! Nani ataolewa nacho? Studio wakamwambia simu yake ndiyo mbovu. Akaazima ya mwanawe, chungwa. Akaweka kwenye TV ya nyumbani, chungwa. Na kuirekebisha, wakamwambia, kuna malipo mengine.

Mimi nilichotazama kwanza ni nyeupe na nyeusi. Kisutu kina rangi tatu, na hizo mbili zilikuwa sawasawa kabisa. Simu ikiwa na skrini mbovu, au ikiwekwa ile hali ya usiku, nyeupe ndiyo huwa ya kwanza kugeuka manjano. Hapa nyeupe imetulia, nyeusi imetulia, nyekundu peke yake imehama. Huo si ugonjwa wa simu. Hiyo ni hesabu iliyokosewa wakati wa kutoa faili.

Nisikilizeni nyinyi mnaorenda, yaani mnaotoa vibonzo kwenye kompyuta kuwa video. Faili ya video haihifadhi nyekundu, kijani na buluu kama zile picha zenu za PNG. Inahifadhi mwangaza, halafu tofauti mbili za rangi, na kuna hesabu ya kugeuza kutoka huku kwenda kule. Hesabu zenyewe zinazotumika sana ni mbili. BT.601 ni ya 1982, enzi za televisheni za kisogo. BT.709 ni ya 1990, ikatengenezwa kwa ajili ya HD. Ya kwanza inahesabu kwamba nyekundu inachangia 0.299 ya mwangaza. Ya pili inaipa 0.2126 tu. Sasa chukua FFmpeg, programu ya kufunga picha kuwa video, uilishe fremu za PNG (picha moja moja za vibonzo) bila kuiambia neno. Kwa mazoea yake ya miaka mingi itageuza kwa 601, na ndani ya faili haitaandika popote kwamba imefanya hivyo. Simu ikipokea faili ya 1920 kwa 1080 isiyo na lebo inakisia: hii ni HD, basi ni 709. Imefungwa kwa ufunguo mmoja, inafunguliwa kwa mwingine. Nyekundu tupu, yaani nyekundu 255, kijani 0, buluu 0, inatoka na kijani cha karibu 25 ndani yake. Chungwa hilo hapo. Nyeupe, nyeusi na kijivu hazina tofauti ya rangi ya kukosewa, kwa hiyo zinapita salama, na mwenye studio anaangalia maandishi meupe kwenye skrini yake anasema kazi safi.

Dawa ni mstari mmoja. Iambie FFmpeg igeuze kwa 709: scale=out_color_matrix=bt709. Kisha uandike lebo: -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709. Basi. Hakuna fremu ya kurendwa upya, hakuna cha kukesha. Fremu zikiwa bado zimehifadhiwa, kinachorudiwa ni kuzifunga tu, na kwa tangazo fupi kama lile hata chai haipoi. Hayo "malipo mengine" ni ya nini hasa?

Na tafadhali, vyote viwili. Kuna wajanja waliosikia habari ya lebo wakaibandika wakaacha hesabu ya zamani humo ndani. Lebo haigeuzi kitu, kaka. Inatangaza tu. Ukiandika 709 juu ya faili iliyogeuzwa kwa 601 umetoka kwenye kunyamaza ukaingia kwenye kusema uongo, na afadhali hata ya kwanza, kwa sababu faili isiyo na lebo angalau fundi mwingine ataitilia shaka.

Video ikitoka yote imefifia, nyeusi kama majivu, hilo ni jambo jingine: mmeandika mwangaza kwa kiwango cha 16 hadi 235 na kinasomwa kama 0 hadi 255. Ikiwa kinyume chake, vivuli vinazama na weupe unaungua.

Haya, niwape haki yao kidogo. QuickTime Player kwenye Mac huonyesha video ya 709 ikiwa imepauka kuliko VLC, programu nyingine ya kuchezea video, kwenye Mac hiyo hiyo, na hapo fundi hana kosa. Ila kosa lake huanza pale anapoona hivyo akaongeza giza kwenye mradi ili apendeze machoni pa QuickTime, halafu dunia nzima iliyobaki inapata tangazo jeusi tititi.

Pia ni kweli kwamba kubana kwenyewe kunakula rangi. Karibu kila video inayofika kwenye simu ni 4:2:0, maana yake mwangaza una pikseli 1920 kwa 1080 lakini rangi ina 960 kwa 540 tu. Kwa uso wa mtu hutambui. Kwa vijimsalaba vya kisutu, vyekundu na vyeusi vilivyobanana, unatambua sana: kingo zinachafuka, nyekundu inavuja. Hili haliponi kwa lebo. Chora mistari minene, au sogeza kamera karibu na leso. Mashine ikishatupa rangi hairudishi.

Mbingu zenye mistari kama ngazi ni uhaba wa viwango, 256 kwa kila rangi kwenye faili ya biti 8. Tia chembechembe kidogo kabla ya kutoa, mistari inapotea machoni, ingawa faili itanenepa. (Na aliyechora jua likizama baharini nyuma ya Fort Jesus, bahari yetu iko mashariki, bwana. Pale jua linachomoza. Rangi zako zilikuwa sahihi, jiografia ndiyo iliyopotea njia.)

Kwa WhatsApp, tumeni kama hati (document), si kama video, la sivyo itabanwa tena hata mngeifunga vizuri vipi. Na hifadhini fremu, au ProRes 4444, aina ya faili kubwa ya video isiyopunguza rangi kama 4:2:0, ikiwa diski inaruhusu. Studio nyingi hapa hufuta kila kitu pesa zikiingia, wakabaki na MP4 ile ile waliyompa mteja. Ndiyo maana mteja akirudi kulalamika rangi wanataka malipo: hawana fremu za kufunga upya.