"Kabla" na "baada" katika Kiesperanto

Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, huviona vishazi vya wakati kuwa vyepesi. "Atakapokuja, nitaondoka" ni Kiam li venos, mi foriros: wakati ujao huku, wakati ujao kule, kama kwetu. "Kabla ya kula" ni antaŭ ol manĝi. Basi naye anaunda post manĝi kwa "baada ya kula", na papo hapo anasahihishwa: sema manĝinte ("nikiwa nimekwisha kula"), au post kiam mi manĝis ("baada ya mimi kula").

Wanaotaka post manĝi ikubaliwe wana hoja nzito. Zamenhof, mbunifu wake, aliitoa lugha hii mwaka 1887 ikiwa na kanuni 16 tu, na hakuna hata moja inayogusa vishazi vya wakati. Kama kitenzijina (manĝi, "kula") kinakaa baada ya "kabla", kwa nini kikataliwe baada ya "baada"?

Wanaopinga hushikilia matumizi yaliyozoeleka, lakini hoja yao bora, nionavyo, iko kwenye maana. Ol ni "kuliko", hivyo antaŭ ol manĝi ni kama "mapema kuliko kula", jambo ambalo bado halijatukia. Lililokwisha kutukia lina wakati wake, na post kiam mi manĝis inautaja. Kiswahili chenyewe hakiyapimi maneno haya mawili kwa kipimo kimoja: twasema "kabla hajafika", kwa ukanushi kabisa, wala hakuna asemaye "baada amefika".

Hata hivyo twasema pia "baada ya kufika", na hapo ndipo ninapoegemea upande wa kwanza. Tena hiyo manĝinte inayopendekezwa ina mtego wake. Mtu akiandika Fininte la laboron, la pluvo komenciĝis, kisarufi amesema mvua ndiyo iliyomaliza kazi, kwa sababu -inte, mwisho wa neno unaoonyesha tendo lililokwisha, haina mtenda wake na huazima wa kishazi kikuu. "Nilipomaliza kazi, mvua ilianza" haina hatari hiyo: ni- imeshamtaja mtenda kabla -po- haijataja wakati.

Kitenzijina nacho hakina mtenda, kwa hiyo post fini ingenasa kwenye mtego uleule. Ningeiruhusu pale tu mtenda anapokuwa mmoja: post manĝi mi dormis, "baada ya kula nililala". Watenda wakiwa wawili, post kiam haina mbadala.