Tukutane wapi pasipo macho?

Wanaouguza jamaa wenye maradhi ya akili mjini Unguja wakitaka kuunda kikundi cha kusaidiana, pahala pa mwanzo kutajwa ni Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hoja ina uzito: gari inafika, nafasi ipo, na mtu akizidiwa na kilio wahudumu wapo jirani. Lakini jina hilo mitaani ni tusi. Watoto wakigombana, mmoja humwambia mwenzake akalazwe Kidongo Chekundu. Mama anayemficha mwanawe hata kwa mashemegi hatataka kuonekana akiingia geti lile kila Jumamosi.

Wengine husema Mji Mkongwe: kumbi zipo, na Darajani hapo kila mtu anapajua. Hapa nasita zaidi. Nimeshamsaidia mtu wa kiti cha magurudumu kuingia nyumba ya huko. Kichochoro tulikipita, tukakwama kwenye kizingiti cha mlango, na ndani zikatungojea ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia dari. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la huko, iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, tena ikiwa katika matengenezo, neno "usalama" halihusu wezi peke yao. Halafu kuna baraza za nje ya nyumba, watu wanapokaa kuzungumza. Mzee anayeuliza, "Bi mkubwa, leo wapi?" hana ubaya, ni maamkizi tu. Ila jawabu lako litafika nyumbani kabla yako.

Nyumbani kwa mwanachama kuna sitara, lakini mwenyeji gani atakubali wageni watoke bila ya chai na vitumbua? Mwezi wa tatu kachoka. Ofisi ya sheha, mkuu wa mtaa, iko karibu na haina gharama. Tatizo sheha ni mkono wa serikali, na mwenye kijana aliyeharibiwa akili na unga wa kulevya hatafungua mdomo humo.

Mimi naona darasa la chini la skuli, baada ya Alasiri. Mtu mzima kuingia skuli hakumshangazi yeyote: ana mtoto, ana mjukuu, ana kikao cha wazazi. Kasoro ipo, na si ndogo: vyoo. Mara nyingi vina kidaraja mlangoni, havina pa kushika, na wanafunzi wakitoka hufungwa. Kwa hiyo kabla hujamwendea mwalimu mkuu kuomba darasa, kaangalie choo, kisha uulize ufunguo anashika nani, na kama yuko radhi kusubiri mpaka karibu na Magharibi.