Steringi Amekufa, Picha Inaendelea

Kwenye vibanda umiza tulikokulia, picha ya ngumi ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atachomwa kisu, lakini mkanda ukiisha yeye ndiye aliyesimama. Ndiyo maana *Black Panther: Wakanda Forever*, iliyotoka Novemba 2022, ilibeba mzigo ambao mwendelezo wa filamu ya shujaa hubebeshwa kwa nadra mno. Steringi alikuwa amekufa, na hakufa ndani ya hadithi peke yake. Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika ambayo shujaa wake huitwa Black Panther, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyoishi nayo miaka minne bila kuitangaza. Studio haikumtafuta mtu wa kumrithi katika nafasi ile. Mwongozaji Ryan Coogler alirudi mezani, akaandika hadithi inayoanza na kifo cha mfalme.

Watazamaji wamegawanyika juu ya matokeo yake mpaka leo. Wapo wanaosema majonzi yamezidi: filamu ya saa 2 na dakika 41, na hakuna anayevaa vazi la Black Panther kupigana mpaka theluthi ya mwisho. Watu wamekata tiketi waone mapigano, wakakuta wamekaa matangani. Wapo wanaosema kinyume, kwamba msiba ule ulistahili kuachwa upumue, na kila palipokuwa na chozi la kweli ilikuja milipuko ikalikausha. Nimeitazama mara tatu sasa, na kila mara natoka nikiamini kwamba pande zote mbili zinapima kwa mizani isiyofaa. Zinahesabu dakika, ngumi hapa, chozi kule. Swali langu ni jingine: ngumi hii imetoka wapi?

Chukua tukio la kando ya mto. Mwaka umepita tangu mazishi. Malkia Ramonda, mama wa T'Challa, anayeigizwa na Angela Bassett, anamtoa binti yake Shuri mjini, wanakaa wawili tu mbele ya moto. Anataka wachome nguo nyeupe walizovaa msibani. Kwetu tungesema anataka kuanua tanga. Shuri anakataa. Yeye ni mwanasayansi aliyeshindwa kumponya kaka yake, na anamwambia mama yake kwamba akikaa amfikirie kaka yake kwa muda mrefu, hazitaungua nguo tu, ataichoma dunia na watu wake wote. Maneno hayo hayajapoa, Namor, mfalme wa Talokan, dola iliyofichwa chini ya bahari, anaibuka majini.

Sioni kama hiyo ni bahati ya mwandishi. Adui anaingia kupitia mlango ambao msiba umeuacha wazi. Kuanzia hapo kila pambano lenye maana katika filamu hii linatokana na tanga lisiloanuliwa, na Namor mwenyewe ameumbwa kwa udongo huohuo. Watu wake walikimbia ndui na Wahispania huko Yucatán katika karne ya 16, wakapata mmea uliowawezesha kuishi chini ya maji. Mama yake alipofariki, alimpandisha nchi kavu akamzike kwenye ardhi ya kwao, na huko akakuta watu wake wametiwa utumwani. Akalichoma shamba lile la watwana. Vita vyake vya kwanza vilikuwa siku ya mazishi ya mama yake. Kwa hiyo anapokutana na Shuri, hawa ni wafiwa wawili, mmoja ameishi na hasira yake karne kadhaa, mwingine ndiyo kwanza anaikaribisha yake.

Wanaolalamika kwamba filamu ina mapigano machache wangeliangalia tena lile la darajani Marekani. Okoye, jenerali wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaolinda ufalme wa Wakanda, anapambana na Attuma wa Talokan, anashindwa, na Shuri anachukuliwa. Mikuki inatembea kweli, anayependa ngumi anapata haki yake. Lakini pambano haliishi darajani. Linaishia kwenye ukumbi wa kiti cha enzi, Okoye akiwa amesimama mbele ya malkia ambaye amezika mume, amezika mwana, na sasa binti hajulikani alipo. Ramonda anamvua cheo mbele ya wazee. Bassett anauliza kama hajatoa kila kitu alichokuwa nacho, na sauti yake inapanda mpaka unahisi ukuta wa ukumbi umekuwa mwembamba. Kwa uigizaji huo alipendekezwa kuwania Oscar, wa kwanza kufika hapo kwa kuigiza katika filamu ya Marvel Studios. Ukiliondoa pambano la daraja, tukio hilo la ukumbini halipo. Ukiliondoa la ukumbini, la daraja ni mazoezi ya viungo.

Hivyo hivyo gharika ambayo Namor analeta kwenye Jiji la Dhahabu, mji mkuu wa Wakanda. Maji yanaingia mitaani, yanabomoa, yanabeba watu, na fedha nyingi za studio zinaonekana pale. Ninachokumbuka mimi ni Ramonda akizama ili kumwokoa Riri Williams, msichana ambaye si damu yake. Kisha Namor anamwambia Shuri azike wafu wake, naye atarudi baada ya wiki moja. Wiki moja! Mtu hajamaliza tanga la kaka, anapewa siku saba za kumlilia mama na kupanga vita. Ukatili wa adui huyu uko kwenye tarehe hiyo kuliko kwenye mkuki wake.

Hapo ndipo nawapa haki wale wa upande wa pili, maana filamu haikuishika kanuni yake mwenyewe mpaka mwisho. Visa vya afisa wa CIA Everett Ross na aliyekuwa mke wake vingeweza kukatwa vyote na hakuna mfiwa angeulizia. Vipo kwa sababu studio ina hadithi nyingine za kuuza mbele. Riri naye, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani aliyebuni mtambo wa kutafuta vibraniamu, madini ya thamani ya Wakanda, anaanza kama sababu nzito ya vita, halafu anapewa vazi la chuma aruke nalo kana kwamba ametoka filamu nyingine. Na pambano la melini, watu wakining'inia kwa kamba ubavuni mwa meli, ni refu na ni baridi. Anayepigana na anayepigwa hatuwajui. Ngumi za pale hazikutoka kwenye tanga, zilitoka kwenye ratiba.

Kuna shutuma nzito kuliko hizo, nayo haistahili kupuuzwa: kwamba kampuni ilifanya biashara kwa kilio cha watu. Filamu ya kwanza, ya 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hii iliingiza zaidi ya milioni 850. Hakuna anayeweza kusema fedha haikuwamo kwenye hesabu. Hata hivyo naona tofauti kati ya kuuza msiba na kuukaribisha mahali pa kazi. Nembo ya Marvel mwanzoni inapita bila muziki wake, imejaa picha za Boseman. Letitia Wright anapoigiza Shuri, anamlilia mtu aliyefanya naye kazi. Hilo huwezi kulikodi.

Watazamaji wa kwetu, nadhani, waliona jambo ambalo wahakiki wengi wa Marekani walilipita haraka. Nakia hakuja mazikoni. Anaigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico, na katika filamu alikuwa mpenzi wa marehemu. Ramonda anamfuata mpaka Haiti. Kwa jamii zetu kukosa mazishi ya mtu wako ni neno zito, linaweza kukaa ndani ya ukoo kwa vizazi viwili. Filamu inalijua hilo, inalibeba swali hilo saa mbili nzima bila ngumi hata moja, na ukinusa vizuri utagundua kwamba ndilo linalotuvuta kuliko meli na helikopta.

Jangwani, Shuri amemkausha Namor, mkuki uko mkononi, anaweza kumaliza. Mama yake anamjia katika fikra, na mkono unasita. Wengi walitaka auawe. Mimi niliona filamu nzima ikilipa deni lake hapo, kwa sababu aliyemshika mkono alikuwa Ramonda, yuleyule aliyemwomba wachome nguo.

Kisha anakwenda Haiti. Ufukweni, peke yake, anawasha moto na kuzichoma nguo zile. Hakuna pigo, hakuna maneno, kumbukumbu za kaka yake zinapita mbele ya macho yake. Mimi ningesimamisha picha hapo. Coogler hakusimama: Nakia anatokea na mtoto wa kiume, na mtoto anajitambulisha kuwa ni T'Challa, mwana wa T'Challa. Wanaosema steringi amerudishwa kwa mlango wa nyuma wana hoja, kwa maana ukumbi niliokaa ulilipuka kwa makofi kama kibanda cha zamani. Lakini mtoto huyo ndiye jibu la kwa nini mama yake hakuja mazikoni, na shangazi mtu, akiwa bado ananuka moshi wa nguo za msiba, anatabasamu.