Joto la Moshi lisiwafungie ndani, pandeni Old Moshi na watoto

Jamani Moshi ya mwezi wa kwanza mnaijua. Saa nne asubuhi mabati yameshaanza kualika, mbwa wamejilaza chini ya gari, ukipita Mbuyuni unamkuta mama wa nyanya kajitanda khanga kichwani anajipepea na kipande cha boksi. Na sisi wenyeji joto hili tuna dawa zake mbili tu, ama ukakae baa yenye feni usubiri mbuzi aive, ama uwapeleke watoto kwenye bwawa la kuogelea hotelini, ulipe kiingilio kila kichwa, soda bei mara mbili ya dukani, muziki umefunguliwa mpaka hamsikilizani, jioni mnarudi nyumbani macho mekundu kwa dawa ya kwenye maji. Mi nimefanya hivyo miaka na miaka. Safari hii nimekataa, na hili jambo limenigusa ndo maana naliandika.

Watoto wa dada yangu walikuja kutoka Dar kula sikukuu, si mnajua Desemba Mchagga lazima apande, sasa mama yao karudi kazini wao wakabaki kwangu kusubiri shule zifunguliwe. Mkubwa ana miaka 13, mdogo 9. Siku nzima simu, simu, simu. Siku moja tunapita Kiboriloni yule mdogo akaona haisi imeandikwa Old Moshi akaniuliza, "Anko, kwani hiyo Moshi ya zamani ni ipi, na sisi hii yetu ni ipi?" Nikamjibu ile ya haraka haraka, ni huko juu tu. Usiku nikawa nalifikiria lile swali, kwa sababu ni swali zuri na mi ndo mkubwa wake, nilitakiwa nimpe jibu zuri.

Basi kesho yake saa kumi na mbili na nusu tukatoka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Huo ndo muda wa Moshi, nasema kabisa, kama hujawahi kutembea mjini hapa kiangazi asubuhi na mapema hujaifaidi. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umetoka wote, Kibo nyeupe juu kule mita 5,895, Mawenzi pembeni na meno yake, barabara zimefagiwa, maua mekundu ya mikrismasi yamemwagika chini mpaka mdogo akawa anayaruka asiyakanyage. Tukashuka mpaka stesheni.

Pale ndo nilianza kumjibu. Nikawaambia mji huu mnaouona chini hapa umezaliwa na reli. Moshi yenyewe ilikuwa juu mlimani, kwenye himaya ya Mangi Rindi, mangi ni chifu wa Kichagga, watu walikuwa wanaishi kwenye migomba huko kwenye ubaridi na maji, huku chini palikuwa pori la joto na mbu. Wajerumani wakajenga reli kutoka Tanga, mwaka 1911 ikafika hapa ikaishia, na mahali reli inapoishia ndo panapofunguliwa maduka, maghala, ofisi, basi jina likashuka na watu, juu pakabaki kuitwa Old Moshi. Yule mkubwa akauliza kwa hiyo jina lao walichukua? Nikamwambia ndiyo, na wenyewe bado wapo, kesho tunaenda kuwasalimia. Tukakaa kidogo pale stesheni tukiangalia reli ilivyonyooka, nikawaambia kuna watu wa umri wangu walikua bila kuona behewa la abiria hapa maana treni ya abiria ilikaa zaidi ya miaka 20 ndo ikarudi mwishoni mwa 2019. Saa tatu tulikuwa tumesharudi nyumbani, jua likaachwa liwake peke yake.

Sasa Old Moshi. Ukishapita Kiboriloni haisi ikaanza kupanda kuelekea Kidia, unasikia kabisa hewa inabadilika, madirisha yanafungwa moja moja, mwenye sweta anavaa. Ni mwendo mfupi tu na umeliacha lile joto la kutisha huko chini. Ndo maana nawashangaa wanaolipa hela nyingi kutafuta ubaridi wakati ubaridi upo kwa nauli ya haisi.

Tulienda mpaka penye ule mti, mti ambao Mangi Meli alinyongewa tarehe 2 Machi 1900. Upo mpaka leo, na pembeni kuna sanamu yake ya kumkumbuka. Nilitaka niwasimulie mwenyewe ila tulimkuta mzee mmoja wa pale, watoto wakampa shikamoo babu, akafurahi, akawaketisha akaanza. Kwamba Meli alikuwa mtoto wa Rindi, kwamba alirithi akiwa kijana, kwamba mwaka 1892 askari wake waliwapiga Wajerumani mpaka wakakimbia, wakarudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa zaidi ndo wakamshinda. Na kwamba siku ile ya Machi hakunyongwa peke yake, walikuwa watu 19, wamangi na wasaidizi wao, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kisha mzee akafika kwenye kichwa. Inaaminika kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake Isaria Meli alikitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai huku kwetu Kilimanjaro, lakini la Meli halikuwemo.

Yule mdogo alinyamaza muda mrefu. Akasimama akaenda akaweka kiganja kwenye gome la mti, kakaa hivyo tu, wala hakuna aliyemwambia. Simu ya kaka yake ilikuwa mfukoni na haikutoka. Mzee akamwangalia akasema, "Mshike tu mjukuu wangu, huyu ndiye aliyeona." Mi hapo nikageuka pembeni.

Kutoka pale tukatembea njia ya kwenye vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba za Wachagga, kahawa chini, migomba juu, na kando ya njia mfongo unapita maji meupe ya baridi yanateremka. Watoto wa Dar na maji tena, viatu vikavuliwa dakika ileile. Akatokea bibi mmoja na jembe begani, hakufoka, akawaambia taratibu, "Wajukuu zangu chezeni hapo pembeni, msiyachafue wala msiyazibe, haya maji yana zamu, leo ni ya nyumba ile ya chini." Ikabidi nieleze mfongo ni nini, kwamba mababu walichimba hiyo mifereji kutoka mitoni huko juu ikafuata ubavu wa mlima mpaka kila kihamba kipate, na kwamba kuna utaratibu wa nani anafungulia lini, na asiyekuja siku ya kusafisha mfongo anajulikana. Mi naona hiyo ni historia kubwa kama reli. Mtu alisoma mteremko kwa macho tu, bila mashine, na maji yanatembea mpaka leo. Halafu sisi tunawaambia watoto Moshi hakuna cha kuona zaidi ya kupanda mlima.

Hapa ndo ugomvi wangu na wenyeji wenzangu ulipo. Tumekubali kwamba kutembea ni kazi ya mzungu. Mtalii anashuka uwanja wa ndege wa KIA, kesho yake yuko Materuni anaoga kwenye maporomoko na kutwanga kahawa huku wanaimba, keshokutwa yuko msitu wa Rau na baiskeli anaangalia mbega na ile mivule mikubwa, na msitu wenyewe upo hapo hapo mjini, bodaboda anakufikisha. Sisi tunapita nje yake kila siku. Nimeongea na watu wazima kabisa, waliozaliwa Pasua, Njoro, Majengo, hawajawahi kuingia Rau, hawajui kwamba ndani kuna chemchemi na ubaridi kama wa kanisani. Jengo la KNCU lile pale katikati ya mji watu wanalitumia kuelekezana tu, wakati ule ni ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kiafrika tangu 1933, na kabla yake kulikuwa na chama chao cha 1925, yaani babu zetu walikuwa wanapambania bei ya kahawa yao wakati mkoloni yupo hapa hapa. Mtoto akiambiwa hivyo mbele ya jengo lenyewe hasahau.

Chemchemi ya Chemka sina shida nayo, tulienda pia, kwa kupitia Boma Ng'ombe na lile vumbi lake. Maji ya bluu mpaka unaona mchanga chini, mizizi ya mikuyu, kamba ya kurukia, visamaki vinakutekenya miguu. Watu wanaita maji moto ila si ya moto, yanabubujika tu. Nendeni siku ya kazi, Jumapili panajaa mno na wengine wanaacha chupa, na hilo linaniuma.

Ombi langu lingine ni vivuli. Mji huu unapendeza kutembea kwa sababu ya miti yake, Shanty Town kule unaweza kutembea saa saba mchana usiungue. Kila nikiona mti umekatwa ili bango la duka lionekane naumia, maana kiangazi bila kivuli hakuna mtoto wala mzee atakayetembea kwa mguu, watabaki kwenye magari.

Kama mnaenda Old Moshi pandeni asubuhi, bebeni sweta hata kama huku chini mnatokwa jasho, viatu vya kufunga, na hela ndogo ndogo ya kumwachia mwenyeji atakayewaongoza maana muda wake ni kazi. Salimieni kwanza, picha baadaye. Na ukimkuta mzee anasimulia usimkatishe, kaa chini, wanaojua haya wamebaki wachache. Mi narudi Februari kabla mvua za masika hazijaanza kuharibu njia, safari hii na mama yangu, ana miaka 71 na kaniambia mara ya mwisho kufika kwenye ule mti alikuwa msichana wa shule. Watoto wa dada nao wameshaomba nauli ya likizo ya Juni, nimewaambia Juni ni baridi na ukungu mlima hautoki, mdogo kasema hajali, anataka kumwona babu.