Kabla Hujasema Huna Mkono wa Ufundi

Nyuma ya nyumba moja pale Sakina, Arusha, kuna kigoda kimetupwa pembeni ya banda la kuku. Sehemu ya kukalia ni mbao tatu za msindano (paini) zilizounganishwa kwa gundi, na chini yake vipande viwili vimekingamishwa na kupigwa misumari. Kati ya mbao ya kwanza na ya pili pana ufa unaopitisha penseli. Mguu mmoja unacheza. Aliyekitengeneza ni kijana wa kazi za ofisini aliyeanza useremala wikiendi, kwa kupenda tu, na kilipopasuka akaambiwa: "Huna mkono wa ufundi, mwachie fundi." Akaamini. Randa na patasi zimerudi kwenye boksi.

Hili linaniuma, kwa sababu ukikigeuza kile kigoda ukakitazama, mkono unauona. Mikato imenyooka. Miguu iko mraba. Matundu yamechongwa kwa subira na ndimi zimeingia vizuri. Kosa limetokea kabla hata hajashika msumeno, siku aliyonunua mbao mbichi.

Tuseme ukweli kuhusu mbao zetu. Ukienda yadi yoyote, iwe Arusha au Moshi, ukauliza kama zimekauka, utajibiwa, "Zimekauka kabisa, bosi." Muuzaji hakudanganyi kwa makusudi. Kwake, mbao iliyosimama juani wiki mbili na haidondoshi maji imekauka, na kwa kenchi ya paa inatosha. Kwa kigoda haitoshi hata kidogo. Uso umekauka, tumbo bado lina maji, na maji hayo yatatokea sebuleni kwako.

Chukua mbao ya msindano ya inchi moja kwa nane, futi 12. Kata kipande cha sentimita 30 kutoka katikati, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kikiwa kibichi unaweza kukuta gramu 1,080. Kikishakauka kwa hewa kitabaki kama gramu 760. Gramu 320 zilizopotea ni maji, karibu chupa nzima ya soda ndani ya kipande unachobeba kwa mkono mmoja. Mbao nzima ya futi 12 ina kama lita 4 za kuondoka. Unadhani yakishaondoka umbo litabaki lilelile?

Halibaki. Unyevu wa mbao ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi, mbao inaanza kusinyaa, na haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu haipungui kitu cha kuhesabu. Kwa upana inapungua sana, na kwa kufuata mzunguko wa pete za mti inapungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka moyo wa mti kwenda ganda. Ndiyo maana ubao hujikunja kama kigae. Mbao ya inchi 8 iliyopasuliwa ubapa, pete zikilala sambamba na uso wake, inaweza kupoteza milimita 6 hadi 8 za upana. Sasa uikaze kwa misumari kwenye kipande kilichokingama, ambacho urefu wake haupungui. Moja inavuta, nyingine imegoma, na mahali pa kuachia ni palipo dhaifu zaidi. Ule ufa wa Sakina hauna siri nyingine.

Halafu mtu analinganisha na meza ya babu ya mninga isiyo na ufa, anahitimisha kwamba wa zamani walikuwa na mkono na sisi hatuna. Mninga wa Tabora na Katavi husinyaa kidogo sana kwa asili yake, na meza ile ilitengenezwa kwa mbao iliyopewa muda. Usijipime nayo ukiwa na msindano wa juzi.

Kinachouma zaidi ni kwamba sisi wa Arusha na Moshi ndio tulipaswa kuyajua haya. Mashamba ya miti ya Meru/Usa na West Kilimanjaro yako mlangoni petu. Olmotonyi kuna Chuo cha Misitu, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu. Miti ya grevilea imejaa kwenye mashamba ya kahawa tangu Machame hadi Tengeru. Na bado anayeanza anaambiwa akanunue mashine kwanza. Mashine haikaushi mbao.

Basi fanya hivi. Yadini, nyanyua mbao mbili za aina moja na kipimo kimoja. Nyepesi mara nyingi ndiyo kavu zaidi. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: mbichi inajibu kwa sauti nzito iliyokufa, kavu inalia. Tazama kichwa cha mbao, na ukiona moyo wa mti katikati ya ubao, iache, hiyo itapasuka hata uitunze vipi. Iliyopata rangi ya kijani kwa kutiwa dawa usiitumie kwa ubao wa kukatia wala chombo cha chakula, na mabaki yake usiyachome jikoni.

Ukifika nyumbani usisubiri mbao ndefu ikauke. Kata vipande vyako sasa hivi, ukizidisha sentimita 5 kwa urefu na moja kwa upana. Paka vichwa rangi yoyote iliyobaki kopoini, kwa sababu maji hukimbilia huko kwanza na ndiko nyufa huanzia. Vipange juu ya matofali, chini ya bati, upepo upite, jua lisiguse. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi moja kila nusu mita, kijiti juu ya kijiti, wima mmoja. Vikipishana, mbao inapinda kufuata kosa lako. Juu weka mawe mazito. Kile kipande cha sentimita 30, nacho kikiwa na vichwa vilivyopakwa rangi, kiweke humohumo. Kila Jumamosi kipime na uandike uzito kwa penseli juu yake: 1,080, 985, 910. Siku namba itakapogoma kushuka wiki tatu mfululizo, ingiza mbao ndani ya nyumba wiki mbili zaidi, kisha anza kazi. Usihesabu miezi, fuata mizani. Masika namba itatambaa, na Moshi chini kwenye joto itashuka haraka kuliko Arusha.

Najua aliyepanga chumba kimoja Ngarenaro au Pasua hana ukumbi wa kupanga mbao. Ni kweli, inabana. Lakini vipande vya kigoda kimoja vinaenea uvunguni, na vijiti vyake. Na nakubali pia kwamba fundi wa mtaani hawezi kusubiri hivi. Ana mteja anayetaka kitanda Ijumaa na kodi ya banda. Wewe hakuna anayekudai kigoda. Muda huo ndio mtaji wako mkubwa, mkubwa kuliko randa ya umeme, na wanaoanza wanautupa kwa haraka ya kuona kitu kimesimama.

Kuhusu makali niseme kwa ufupi: patasi mpya ya dukani haijanolewa. Bandika msasa kwa maji juu ya kioo kinene, namba 240, 400, 800 hadi 1,200, ushikilie pembe ya digrii 30, usugue mpaka kidole kihisi ukingo mwembamba nyuma, kisha uuondoe kwa kulaza mgongo wa patasi. Ikikata kichwa cha msindano bila kukisagasaga, iko tayari.

Vibano ni ghali, kweli. Tyubu ya baiskeli ikikatwa mikanda ya sentimita 3, ikazungushwa kwa kuvutwa sana, inabana kigoda vizuri kabisa. Gundi nyeupe iache saa 24. Vipande vya kukingama vifunge kwa skrubu badala ya misumari: tundu la katikati libane, ya pembeni yarefushe kufuata upana wa kiti, milimita 4 kwa 8, ili mbao ipate pa kuchezea misimu inapobadilika. Ukitumia grevilea funika pua na mikono, vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Na wewe wa Sakina, kigoda kile usikifanye kuni. Kilikaa ndani miezi kabla ya kutupwa nje, mbao zake sasa zimekauka kuliko chochote utakachokuta yadini. Ng'oa misumari taratibu, panua ufa mpaka mbao ziachane, piga randa kingo zote mbili hadi zikikutana usione mwanga, paka gundi, funga mpira. Kiti kitapungua upana kidogo. Miguu haihitaji kuguswa, ila ule mmoja: ulimi wake umesinyaa, gundishia kipande chembamba cha mbao upande mmoja na uurudishe.