Nilikwenda Kumtunza Mwimbaji

Nina umri wa miaka 64, nimestaafu kazi ya uhasibu, na ninampenda mwimbaji mmoja wa Bongo Fleva ambaye wapenzi wake wengi bado wanavaa sare za shule. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kijana hana kosa lolote katika yaliyotokea, na kwa sababu nyumbani kwangu jina hilo kwa sasa halitamkwi.

Mimi nimelelewa na muziki wa dansi. Nilipoanza kupata mshahara nilikuwa mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, na nilibishana hadi kununiana na marafiki waliokuwa upande wa Msondo, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964. Ukumbini ulikuwa unakaa mezani na kinywaji chako, wimbo unaanza polepole ili usikie kisa chote, nani kamwacha nani na kwa sababu gani, ndipo magitaa yanapoingia kwenye chemko na watu wanainuka. Ukiguswa sana, ulitoa noti, ukaenda mbele bila haraka, ukambandika mwimbaji kwenye paji la uso, kisha ukarudi kitini kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Tuliita kumtunza mwimbaji. Naomba msomaji alishike neno hilo.

Huyu kijana nilimsikia kwa mara ya kwanza ndani ya daladala la Gongo la Mboto. Alikuwa anaimba kisa chenye mwanzo na mwisho, taratibu, kama walivyokuwa wakiimba wenyewe, na nilisikiliza kwa makini kiasi kwamba konda alilazimika kuniambia kuwa nimepitiliza vituo vitatu. Tangu siku hiyo nilizihifadhi nyimbo zake zote kwenye simu, nikawa nazisikiliza bafuni. Ilipotangazwa kuwa atatumbuiza katika uwanja mmoja wa wazi kule Kinondoni, mpwa wangu alininunulia tiketi kwa simu, nami nikaenda steshenari kuichapisha kwa rangi na kuipiga lamineshi, kwa kuwa karatasi ya shilingi 20,000 haikunjwi ovyo mfukoni. Mama Salma nilimwambia kwamba ninakwenda kwenye kikao cha harusi. Katika jiji hili hakuna uongo unaoaminika kuliko huo.

Tiketi ilisema saa 12 jioni, na mimi saa 12 kasoro robo nilikuwa getini, nimechomekea shati, nimevaa moka zilizopigwa rangi. Hapakuwa na meza wala kiti. Wenzangu walianza kumiminika saa 2 usiku, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nimekuwa doria bila kuajiriwa. Kila nilikopita, mabinti walijifunika mabega kwa mitandio, vijana wakaficha chupa mgongoni, na angalau watu wanne waliniuliza kwa upole, "Babu, unamtafuta nani?", wakiamini kwamba kuna mjukuu aliyetoroka nyumbani na kwamba usiku huo atarudi akiwa ameshikwa sikio. Kijana mmoja mwenye hereni aliniletea kreti la soda nikalie. Nilimshukuru, nikalikalia kwa saa mbili na nusu, na alama za kreti hilo ninazo hadi leo mahali ambapo siwezi kuzionyesha.

Saa 5 kasoro taa zikazimika. Yowe lililofuata sijapata kulisikia. Kule nilikozaliwa, yowe la namna hiyo maana yake ni fisi au moto, nami mwili wangu ulisimama wenyewe, mkono mmoja ukashika pochi na mwingine ukatafuta fimbo. Binti aliyekuwa mbele yangu alikuwa akilia kwa sauti, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na alipogeuka ili amkumbatie mwenzake akakutana na uso wangu. Akanyamaza ghafla, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akageuka na kuendelea kupiga yowe pale pale alipoliachia.

Wenzake nao wakaniona. Shikamoo haiachwi bila kujibiwa, hata na mtu aliyelipa 20,000, kwa hiyo wimbo wa kwanza wote niliupitisha nikiitikia marahaba kushoto na kulia kama mwenye msiba. Wa pili hivyo hivyo. Mashairi ninayoyajua kwa moyo nilishindwa kuyaimba, kwa sababu kila nilipofungua kinywa kilitoka "marahaba".

Ulipofika ule wimbo wa daladala, hata hivyo, watoto wote walitulia, wakawasha taa za simu, na machozi yakanitoka. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe na kutoka na noti nyekundu ya 10,000. Nikaanza kwenda mbele bila haraka, kama zamani, na kwa kuwa mimi ni mzee, umati ukanipisha. Kwenye uzio akanisimamisha baunsa mwenye shingo nene kuliko paja langu.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Ninataka kumtunza kijana wangu."

Spika ilikuwa inanguruma juu ya vichwa vyetu. Akaniinamia sikioni. "Wewe ndiye unayemtunza?"

"Ndiyo, ni mimi!" nilipiga kelele, nikidhani ameniuliza kama noti ni yangu.

Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono kwa adabu, akafungua uzio, akamnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza mshereheshaji, na kabla sijaelewa kwa nini huduma ya hapa ni nzuri kiasi hiki, nilikuwa jukwaani, mwanga wote machoni, na mshereheshaji anatangaza kwa kipaza sauti, "Jamani, baba mzazi huyo!"

Yowe la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na lilikuwa langu. Mwimbaji alinitazama kwa mshangao wa mtu anayejua vizuri baba yake anafananaje, lakini kijana amelelewa, mbele ya maelfu ya watu alipiga goti, akasema "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba, safari hii kwenye kipaza sauti, nikambandika noti kwenye paji la uso. Ilinasa, kwa jasho. Akanikumbatia. Ningesema nini? Nikapunga mkono.

Nilifika nyumbani saa 8 usiku. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na Mama Salma alikuwa ameketi kwenye kochi, miwani puani, simu mkononi, kundi la ukoo limefunguliwa. Kutoka kwenye simu hiyo nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "marahaba", kisha yowe, kisha tena "marahaba".

"Kikao kilikwendaje, Baba Salma?"

"Salama."

Akairudisha video mwanzo, akaitazama tena hadi mwisho, akavua miwani.

"Mtoto mzuri, na ana adabu," akasema. "Mama yake ni nani?"